Hijama kwa Mara ya Kwanza: Cha Kuangalia, Cha Kuuliza na Cha Kukataa

Hijama, yaani kuumikwa kwa vikombe, si kitu cha kutafuta kwa tochi Dar es Salaam. Kariakoo, Magomeni, Temeke, Mbagala, kote utakuta bango lake mlangoni mwa duka la dawa za asili, na mara nyingi bango lenyewe limeorodhesha maradhi kuanzia presha hadi ugumba. Orodha hiyo isikushughulishe sana. Kinachoweza kukudhuru hakiandikwi kwenye bango. Kiko kwenye meza ya vifaa, na mteja anayejua pa kuangalia hukiona mwenyewe kabla hajapigwa chale.

Kavu, ya kuteleza, ya damu

Msingi wa zote ni mmoja. Kikombe hubandikwa kwenye ngozi, hewa ya ndani hupunguzwa, na ngozi pamoja na nyama ya juu huvutwa kuingia kikombeni. Wazee wa pwani waliumika kwa chuku, pembe ya ng'ombe iliyotobolewa nchani: mwumikaji hufyonza hewa kwa mdomo, kisha huziba tundu kwa nta. Siku hizi vikombe vingi ni vya plastiki ngumu inayoonyesha ndani, vina vali juu, na hewa huvutwa kwa pampu ya mkono. Wapo bado wanaotumia glasi na moto. Pamba iliyochovywa spiriti huwashwa, huingizwa ndani ya glasi kwa sekunde moja au mbili, hutolewa, na glasi hubandikwa papo hapo. Hewa ya moto ikipoa husinyaa na kuvuta ngozi. Ukienda kwa wa glasi, hakikisha feni imezimwa kabla kiberiti hakijawashwa. Kwa joto la mji huu feni huwa inazunguka muda wote, na upepo wake ndio unaoupeleka moto kwenye mgongo wa mteja au kwenye pamba iliyolowa kupita kiasi ikadondosha tone linalowaka.

Hijama kavu ni kikombe peke yake, bila chale. Hukaa dakika 5 hadi 10. Ya kuteleza ni kavu pia, ila ngozi hupakwa mafuta ya zeituni au ya habasoda na kikombe kilichovuta kidogo husukumwa taratibu kufuata msuli, juu hadi chini. Ya damu ndiyo ambayo wengi humaanisha wakisema hijama tu: kikombe, kisha chale ndogondogo, kisha kikombe tena ili damu itoke.

Kama shida yako ni shingo iliyokaza kwa kukaa kwenye kompyuta au mgongo unaouma kwa kubeba mizigo, anza na kavu. Vikao viwili au vitatu vitakuonyesha kama mwili wako unapata nafuu kwa kuvutwa, na hujafungua ngozi. Ya damu inaweza kusubiri.

Inachosaidia na isichosaidia

Tafiti zilizofanywa kuhusu vikombe zinaonyesha nafuu ya muda mfupi kwa maumivu ya shingo na ya mgongo wa chini, ingawa nyingi ni ndogo na ni vigumu kumficha mtu asijue kama amewekewa kikombe au la. Wanariadha hukitumia kwa misuli iliyochoka. Ndiyo maana Michael Phelps alionekana na madoa ya mviringo mabegani kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Wengine huenda kwa sababu ya dini, kwa kuwa ni sunna, na hilo halihitaji utafiti.

Lakini hijama haiponyi kisukari, haizibui mishipa ya moyo, haiondoi uvimbe kwenye kizazi, na haichukui nafasi ya dawa za presha. Mtaalamu akikwambia uache dawa ulizoandikiwa hospitali ili "mwili usafike kwanza", vaa viatu uondoke. Mtu anayeacha dawa za presha ghafla anaweza kupata kiharusi ndani ya siku chache, na bado akaambiwa kwamba sumu ndiyo inatoka.

Yapo pia maumivu ya kupeleka hospitali moja kwa moja. Mgongo unaouma pamoja na kukonda, jasho la usiku na homa za jioni unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao kwetu bado upo. Mgongo unaouma na ghafla umeshindwa kuzuia mkojo au umepata ganzi sehemu za siri ni dharura ya siku hiyohiyo. Mguu mmoja uliovimba, una joto na unauma kwenye kigimbi unaweza kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa. Ukiuvuta kwa kikombe unaweza kulibandua bonge likaenda kwenye mapafu. Kifua kinachobana hadi mkono wa kushoto au taya, hilo halina mjadala.

Nani asifanye ya damu

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo sehemu nyingi zinapopita haraka kwa swali moja la "una ugonjwa wowote?" Mteja hujibu hapana kwa sababu aspirini anayomeza kila asubuhi haihesabu kuwa ugonjwa.

Taja dawa zote, hata za duka la dawa. Warfarini, heparini na klopidogreli hufanya damu ichelewe kuganda. Usipigwe chale ukiwa unazitumia, wala usiziache bila daktari wako kwa ajili ya hijama. Aspirini ya kila siku iko kundi hilohilo. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hununua kwa kidonge kimoja kimoja, nazo huongeza kutoka damu, kwa hiyo zisimezwe siku ya kikao wala siku moja au mbili kabla, isipokuwa kama umeandikiwa na daktari.

Mwenye selimundu, mwenye himofilia (damu isiyoganda vizuri), mwenye upungufu wa damu, anayesafishwa figo, anayetibiwa saratani kwa dawa za mishipa: hijama ya damu si yake. Mjamzito asipigwe chale, na hata kavu isiwekwe tumboni wala kiunoni. Mwenye hedhi asubiri imalizike; tayari anapoteza damu. Mtoto hana sababu ya kupigwa chale. Mzee ambaye ngozi yake imekuwa nyembamba na huchubuka kwa kuguswa anafaa kavu nyepesi, ya dakika 3 hivi, au kukandwa tu.

Mwenye kisukari si kwamba amezuiliwa moja kwa moja, ila sukari isiyodhibitiwa huchelewesha kidonda kupona na hukaribisha usaha. Apime asubuhi ya siku hiyo, na miguu yake isichanjwe kabisa. Presha nayo ipimwe hapohapo kabla ya chochote. Ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, safari ni ya hospitali. Ikiwa chini ya 90 kwa 60, ahirisha, maana utazimia.

Jambo moja halitajwi vya kutosha, nalo linawahusu watu weusi kuliko wote: keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita mpaka wa jeraha. Sehemu zinazoshika keloidi kwa urahisi ni mabega, mgongo wa juu, kifua na masikio, na hijama ya damu hufanywa hasa kati ya mabega. Jikague. Kama kutoboa masikio kulikuachia kinundu, au chunusi za kifuani ziliacha makovu magumu yanayowasha, au ndugu wa damu anayo, usikubali chale. Kovu moja la milimita mbili linaweza kuwa kinundu cha ukubwa wa harage, na utakuwa na chale kumi na tano kwenye kila duara.

Kuchagua mahali

Tiba hizi nchini zinasimamiwa kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala namba 23 ya mwaka 2002, chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mtoa huduma anapaswa kusajiliwa. Uliza cheti chake, soma jina na tarehe, na ulinganishe na mtu aliyesimama mbele yako, kwa sababu cheti kinaweza kuwa cha mwenye duka na wewe ukashughulikiwa na kijana aliyefundishwa mwezi uliopita. Cheti pekee hakiui vijidudu, hata hivyo. Kinachofuata ni macho yako.

Angalia kama kuna maji yanayotiririka na sabuni pale chumbani au jirani yake. Ndoo yenye koki inatosha, beseni la kuchovya mikono halitoshi. Tafuta boksi la njano la kutupia vyenye ncha kali, lile la hospitali. Kama wembe uliotumika unawekwa kwenye kopo la rangi au unafungwa kwenye gazeti, wanaookota taka watakuja kukatwa nao, na mtu anayepuuza mkono wa mwokota taka hatajali sana mgongo wako. Kitanda kiwe na shuka la kutupa, au shuka safi linalobadilishwa kila mteja juu ya plastiki inayofutika.

Halafu vikombe. Kwa hijama ya damu, vikombe viwe vipya, vitolewe kwenye pakiti mbele yako, na vikimaliza kwako vitupwe. Utaambiwa vinaoshwa kwa dawa. Klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10 inaua mengi, lakini vali ndogo iliyo juu ya kikombe cha plastiki ina kimpira ndani yake ambapo damu hujificha na brashi haifiki, na plastiki hiyo haivumilii joto la mashine ya kutakasia ya hospitali. Homa ya ini B hukaa hai kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi. Kwa hiyo suala la kikombe kilichooshwa lisikupe tabu ya kufikiria: kwa kavu, sawa; kwa damu, hapana. Pembe inayofyonzwa kwa mdomo nayo, kwa chale, ikatae hata kama ni ya babu mwenye sifa mji mzima.

Wembe, vivyo hivyo. Uwe wembe wa upasuaji au kisindano cha kutobolea, kwenye karatasi yake iliyofungwa, na ufunguliwe ukiwa unaona. Wengi huona aibu kuomba, hasa mbele ya mtu mzima. Sema kwa adabu lakini sema: "Shikamoo ustadhi, samahani, naomba uufungulie hapa nione." Mtaalamu mzuri hatakasirika, wazuri hufungua bila kuombwa na kukuonyesha tarehe ya kwisha muda. Anayejibu "huniamini?" amekwisha kujibu.

Wanawake wana haki ya kuhudumiwa na mwanamke, na sehemu nyingi wapo. Ukipiga simu kuweka miadi, uliza hilo kwanza ili usije ukaambiwa ukifika kwamba dada leo hayupo.

Uliza bei kabla ya kuvua shati: wanatoza kwa kikombe au kwa kikao? Wanaotoza kwa kikombe wana kila sababu ya kukuongezea vikombe. Mtu wa mara ya kwanza anatosheka na vikombe 3 hadi 5. Ukiambiwa 15 kwa sababu "damu yako nzito", ujue mfuko wako ndio mzito.

Siku ya miadi

Wanaofuata sunna hupendelea tarehe 17, 19 na 21 za mwezi wa Kiislamu. Siku hizo vituo hujaa, foleni hufika nje, na mikono huharakisha. Vikombe huisha na mtu hushawishika kuosha vya jana. Ukitaka tarehe hizo, weka miadi mapema na uchukue nafasi ya asubuhi kabisa, vifaa vikiwa bado kwenye maboksi. Mwezi wa Ramadhani, wengi wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo hayahesabu kuumikwa kuwa kunafunguza. Hanbali wanaona kunafunguza. Ila kwa upande wa mwili, kutoka damu saa tisa alasiri na hujanywa maji tangu daku ni kujitafutia kuzimia. Fanya usiku, baada ya futari kushuka.

Siku za kawaida, kula chakula chepesi saa mbili au tatu kabla: uji na chapati moja, au mkate na yai. Tumbo tupu huleta kizunguzungu, na tumbo lililojaa pilau hukuletea kichefuchefu ukilazwa kifudifudi. Kunywa maji nusu lita. Anayetumia dawa za sukari asiruke mlo hata kama ameelekezwa kuja bila kula.

Oga nyumbani, usipake losheni wala mafuta mgongoni, maana kikombe hakitashika vizuri. Mwanaume mwenye nywele nyingi mgongoni azinyoe jana yake kwa wembe wake mwenyewe. Asinyolewe pale kwa mashine inayozunguka kwa kila mtu. Vaa nguo pana ya pamba, ya rangi nyeusi au ya kahawia, inayofunguka mbele. Mwanamke abebe khanga mbili, moja ya kujifunika kifuani akilala, nyingine ya kurudi nayo nyumbani. Usipange kurudi kwa daladala la kusimama saa za msongamano. Mgongo uliochanjwa ukisukumwa na kubanwa huanza kutoka damu upya.

Kitandani

Baada ya maswali na kipimo cha presha, unalala kifudifudi, au unakaa ukiwa umeegemea kitanda. Kulala ni bora zaidi kwa mara ya kwanza, ili ukizimia usianguke.

Mtaalamu ananawa, anavaa glavu mpya, anasafisha ngozi kwa spiriti ya asilimia 70 au kwa povidoni ayodini na kuiacha ikauke yenyewe kwa nusu dakika hivi au zaidi. Kuipepea kwa gazeti ni kuipulizia vumbi. Vikombe hubandikwa. Eneo la kwanza kwa kawaida ni pale chini ya mfupa unaotokeza mwisho wa shingo, kati ya mabega, ambapo mafundi hupaita kahil. Mengine hufuata kandokando ya uti wa mgongo, kwenye nyama, si juu ya mfupa wenyewe. Pampu huvutwa mara mbili au tatu. Utahisi ngozi ikinyanyuka na kubanwa, lakini uweze kupumua na kuongea bila shida. Ikiuma kwa kuchoma, sema saa ileile. Ngozi kupanda kikombeni kiasi cha sentimita moja kunatosha. Ikifika nusu ya kikombe na kuwa nyeusi ndani ya dakika moja, pampu imezidi.

Dakika 3 hadi 5 zikipita, kikombe hutolewa kwa kuinua kishina cha vali ili hewa iingie. Kikombe hakivutwi kwa nguvu. Kikivutwa hivyo, ngozi hutoka nacho. Eneo husafishwa tena, na hapo ndipo chale hupigwa. Ziwe fupi, milimita 2 au 3, zipangane kwa mistari bila kukatana, na ziwe za juu tu kiasi kwamba kwa sekunde kadhaa hutaona damu, utaona mistari myeupe ambayo polepole inatoa vitone. Huo ndio mkono mzuri. Damu ikichuruzika mara tu wembe unapopita, chale imeingia ndani mno, na hapo ndipo makovu yanapozaliwa. Kwa mteja, chale nzuri inahisiwa kuwa mkwaruzo wa ukucha na si zaidi.

Kikombe hurudishwa kwa mvuto mdogo kuliko wa kwanza. Damu hujikusanya taratibu kwa dakika 3 hadi 5, huku vipovu vidogo vikipanda pembeni. Kikombe hutolewa, damu hufutwa kwa gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda), na huenda kikarudishwa mara ya pili. Raundi tatu ndizo mwisho. Vikombe vyote vya kikao chako cha kwanza vikikusanywa pamoja, damu isizidi mililita 100. Ukichangia damu huchukuliwa kama mililita 450, lakini huko hupimwa kwanza wingi wa damu na uzito wako. Huku hakuna aliyekupima, kwa hiyo kadiri ipungue. Kikombe kilichojaa hadi juu hakina sifa yoyote. Ni ajali inayokaribia.

Ukianza kutokwa jasho baridi, masikio kuvuma, macho kuona giza, sema "nahisi kuzimia" kabla aibu haijakuzidi. Vikombe vyote vitolewe, ulazwe chali, miguu iinuliwe, dirisha lifunguliwe. Usinyanyuliwe haraka na usinyweshwe kitu hadi uwe umezinduka vizuri. Dakika 10 kwa kawaida zinatosha. Kikao kimeishia hapo, hata kama umelipia vikombe viwili zaidi.

Kuhusu lile bonge jeusi

Mwisho wa kikao huenda ukaonyeshwa kikombe chenye damu iliyoganda, nyeusi, inayotikisika kama jeli, na ukaambiwa: "Ona uchafu uliokuwa mwilini mwako." Wateja wengi hurudi kwa sababu ya picha hiyo. Damu yoyote ikitoka mwilini na kutuama kwa dakika chache huganda. Hata damu ya mtoto mwenye afya. Ndiyo sababu maabara hutumia kichupa chenye kifuniko cha zambarau: ndani kimewekwa dawa ya kuizuia isigande. Weusi wake unatokana na kuwa imetoka kwenye vimishipa vidogo vya ngozi, ambako oksijeni imeshapungua. Kazi ya kusafisha damu inafanywa na ini na figo muda wote, ukiwa umelala. Nafuu ya msuli unaweza kuipata. Ila rangi iliyo kwenye kikombe si kipimo cha ugonjwa wowote, na rangi ya doa linalobaki mgongoni si kipimo pia.

Kurudi nyumbani

Chale hupakwa povidoni au asali safi, hufunikwa kwa gozi na plasta. Kaa pale dakika 15, kunywa maji au dafu, kisha uondoke. Mwenye tatizo la figo aache dafu, lina potasiamu nyingi. Usiendeshe bodaboda mwenyewe siku hiyo.

Sehemu ibaki kavu kwa saa 24. Oga kuanzia kiunoni kwenda chini na ujifute juu kwa kitambaa. Joto la Dar ni adui mkubwa hapa: jasho likilowesha gozi, libadilishe, usilifunge zaidi kwa plastiki. Bahari, bwawa, mazoezi mazito na kukandwa subirisha siku tatu. Begi la mgongoni liache wiki nzima. Chale zitawasha siku ya tatu au ya nne zikifunga; usikune, usibandue vigaga. Usipake dawa ya meno, majivu wala mafuta ya taa, hata kama jirani anaapa.

Madoa ya mviringo hufifia ndani ya siku 4 hadi 10, pengine wiki mbili. Kwenye ngozi nyeusi kivuli chake kinaweza kubaki miezi kadhaa baada ya kidonda kupona, hupungua chenyewe. Malengelenge maana yake kikombe kilikaa muda mrefu au kilivutwa mno. Yasipasuliwe, yafunike.

Nenda kituo cha afya kama damu haikomi baada ya kukandamizwa mfululizo dakika 15, au ukipata homa, au sehemu ikivimba, ikawa na joto na ikatoa usaha. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa kwa mgongo wa kiganja: kama ni ya moto kuliko ngozi ya pembeni siku ya pili au ya tatu, usisubiri. Na ukigundua kwamba wembe au kikombe kilikuwa kimetumika kwa mtu mwingine, usikae na siri hiyo. Nenda hospitali siku hiyohiyo uombe PEP, dawa za kuzuia VVU. Zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Uliza hapohapo kuhusu chanjo ya homa ya ini B na ya pepopunda.

Vikombe vya nyumbani

Seti zenye pampu na vikombe vya saizi mbalimbali zinauzwa wazi, na kwa hijama kavu hazina shida mtu akiwa na kiasi. Msuli wenye nyama tu: mabega, kando ya mgongo, paja, kigimbi kisicho na mishipa iliyovimba. Usiweke mbele ya shingo, juu ya matiti, kwenye uti wenyewe, nyuma ya goti, wala juu ya kidonda au upele. Mvuto wa pampu mara mbili, dakika 5 kwa siku ya kwanza, na saa ya simu iwekwe. Watu husinzia navyo na kuamka na malengelenge. Kikombe kikidondoka kila mara, sababu huwa tatu: nywele, sehemu yenye mfupa, au kimpira cha vali kilichokauka. Pakaza mafuta kidogo kwenye ukingo, na kimpira kikishapasuka tupa kikombe. Seti nyingi huja na vijiwembe au visindano kwenye boksi. Hivyo visitumike nyumbani, wala na rafiki aliyejifunza kwenye simu.

Lini urudi

Kavu inaweza kurudiwa kila wiki, doa la awali likiwa limekwisha. Ya damu, isiwe chini ya mwezi mmoja, na miezi miwili au mitatu ni bora, hasa kwa mwanamke anayepata hedhi nzito. Kabla ya kikao cha kwanza andika kwenye simu maumivu yako yako wapi na ni mangapi kati ya 10, na unashindwa kufanya nini: kuinama, kugeuza shingo, kubeba ndoo. Andika tena siku ya tatu na siku ya kumi na nne. Vikao vitatu vikipita na namba haijashuka, pesa ya kikao cha nne ipeleke kwa daktari wa mifupa au mtaalamu wa fiziotherapia.

Ukienda kuchangia damu baada ya hapo, mwambie mhudumu kwamba ulipigwa chale na lini. Ataamua kama usubiri na kwa muda gani. Damu hiyo inakwenda kwa mtu mwingine.